Mhariri, yaacheni maneno "wananchi wenye hasira kali"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi pancha, kijiwe changu kiko Mbagala, Dar es Salaam, na kazi hii ninaifanya tangu 1998. Gazeti lako nalisoma karibu kila siku, mara nyingi likiwa la jana, kwa kuwa wateja huniachia wakishalimaliza. Naanzia nyuma kwenye mpira, kisha narudi mbele kwenye habari za mikoani.

Huko kwenye habari za mikoani ndiko ninakokutana na maneno haya: "ameuawa na wananchi wenye hasira kali". Nimeyasoma kwenu, nimeyasoma kwa wenzenu, nayasikia redioni asubuhi nikifungua kibanda. Yamezoeleka mpaka mtoto wa shule ukimwanzia "wananchi wenye" atakumalizia mwenyewe. Nakuandikia kukuomba muyaache. Sikusomea sheria, wala hakuna shirika lililonituma. Ninachokijua ni kwamba siku moja nami nilikuwa mmoja wa hao wananchi, na sikuwa na hasira.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2011, kama saa kumi jioni. Nilikuwa nimeshusha gurudumu la nyuma la bodaboda ya mteja, tyubu nimeizamisha kwenye ndoo ya maji, naizungusha polepole nikitazama vipovu vitatokea wapi. Kazi hiyo inataka utulivu. Tundu la sindano hutoa kipovu kimoja kimoja, ukigeuza macho limeshakupita. Nikasikia "Mwiziii!" kutoka upande wa sokoni. Nikajikuta nimesimama. Sikumbuki kuinuka. Mkononi nina spana, na sikumbuki kuiokota. Tyubu imebaki inaelea ndani ya ndoo, mteja wangu naye ameshatoka kwenye benchi, tunakimbia pamoja.

Kwa kule kuinuka sijilaumu. Daktari mmoja mteja wangu alinieleza baadaye kwamba juu ya figo tunazo tezi mbili ndogo zinazomwaga adrenalini kwenye damu mara tu mtu anaposhtuka, na kwamba moyo huanza kwenda mbio na mate kukauka kabla akili haijapata habari kamili. Ndivyo tulivyoumbwa. Miguu ileile iliyonipeleka sokoni siku ile ndiyo iliyonipeleka kwenye daladala iliyopinduka karibu na kwetu, nikawa miongoni mwa waliovunja kioo na kutoa watu. Hakuna aliyenipigia simu siku hiyo, na sikupiga hesabu. Nilisikia kishindo, nikaenda.

Na mimi yowe nimelelewa nalo. Nilizaliwa Kahama. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, mwaka 1982, Sungusungu ndiyo kwanza inaanza kwetu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, silaha zimezagaa, majambazi wanaswaga mifugo ya watu usiku. Ukipigwa mwano, yaani yowe la kuitana, kila kaya inatoa mwanamume na upinde wake. Asiyetoka anatozwa faini. Baba alikuwa akilala na viatu. Sitaki kuwasafisha Sungusungu, nao waliua watu, na wapo waliowaua kwa makosa. Lakini kijijini anayepiga mwano mnamjua, na anayekimbizwa mnamjua, na baba yake mnamjua. Hapa mjini anayepiga yowe simjui, anayekimbizwa simjui, na anayekimbia pembeni yangu akiwa na jiwe simjui pia. Nimewahi kuona mwizi mwenyewe akikimbia huku akipiga kelele "mwizi, mwizi" na kuonyesha kidole mbele, watu wakampisha. Nimesikia pia ya mtu aliyedaiwa pesa akamwitia mwizi anayemdai. Yowe ni lilelile la Kahama, ila hapa halina mwenyewe.

Narudi sokoni.

Nilipofika nilikuta duara limeshafungwa. Nikapenya. Kijana alikuwa amekaa chini mbele ya duka la vifaa vya umeme, shati la bluu, kiatu kimoja mguuni, kingine hakipo. Damu inamtoka sikioni. Sidhani kama alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa akiomba kwa sauti ndogo, na kila aliyemtazama alimpa jina kwa umri wake: kaka, mama, babu. Mimi aliniita baba.

Kijana mwingine ninayemfahamu, aliyezoea kuja kujaza upepo kwangu bila kulipa, akanigeukia: "Fundi, tunachukua tairi moja pale kwako." Nikamjibu, "Chukueni." Neno lilinitoka kama ninavyomjibu mtu aliyekuja kuazima jeki. Lilikuwa tairi la gari dogo, ringi 14, limelika upande mmoja kwa alaimenti mbovu. Nilikuwa nimelitenga kwa ajili ya fundi wa katambuga, zile ndala za matairi.

Sasa hapa, Mhariri, ndipo naomba unisikilize vizuri. Petroli haikuwepo. Mtu mmoja akavua kofia, akaanza kuizungusha. Watu wakatia mia mbili, mia tano. Mwingine akaulizia chenji. Ndiyo, chenji. Alitoa elfu moja, akataka arudishiwe mia tano, na akarudishiwa. Pesa ilipotosha, kijana wa pikipiki akatumwa kituo cha mafuta na chupa tupu ya maji. Kwenda na kurudi alichukua kama robo saa. Robo saa nzima tulimsubiri, tukiongea mambo mengine. Mtu mmoja aliniuliza kama mechi ya Jumapili itaonyeshwa.

Sijawahi kuona hasira inayochangisha, wala inayodai chenji.

Nimefikiri sana kuhusu ile robo saa. Wengi husema mtu akiwa kwenye umati akili inamtoka, anabaki na ile hali ya mnyama. Mimi nilikuwepo, na akili ilikuwepo. Ilipanga, ikahesabu, ikajua petroli iko wapi na tairi liko kwa nani. Ilijua hata kwamba polisi wangechelewa. Nilikuwa nikifikiri kwamba binadamu ana vitu viwili tu, mwili unaoruka na akili inayouzuia, kama gari na breki. Siku ile mwili ulishatulia, mioyo ilishapoa, na akili ndiyo iliyokuwa ikiendesha. Ilikuwa ikimalizia kazi ambayo mwili uliianza, kwa sababu hakuna aliyeiambia iache.

Kuhusu wanyama nako naomba nisahihishe. Nilichunga ng'ombe utotoni. Ukipitisha kundi mahali palipochinjwa ng'ombe jana, utaona maajabu. Wa kwanza anasimama, ananusa udongo, anaanza kulia kwa sauti nzito ambayo siku nyingine huisikii. Wengine wanakuja mbio, wanalia, wanaparua ardhi kwa kwato, wanapigana pembe. Mchungaji unaweza kukaa hapo nusu saa huwezi kuwatoa. Wanalilia damu ya mwenzao. Kwa hiyo mtu akisema tulikuwa kama ng'ombe, anawaonea ng'ombe.

Sikukaa hadi mwisho. Nilirudi kwenye ndoo yangu. Nikaliona tundu, nikapakwangua, nikapaka gundi, nikapuliza, nikabandika kiraka, nikafunga gurudumu, nikapokea pesa yangu. Mikono haikutetemeka. Moshi ulikuwa unaonekana juu ya mabati ya soko, na mimi nafunga nati.

Tairi likiungua hubaki waya. Ukingoni kuna pete mbili nene, na katikati nyuzi nyembamba zilizosokotana kama nywele zisizochanwa. Asubuhi ya Jumapili nilizikuta pale, na doa jeusi kwenye lami. Wale vijana wa vyuma chakavu wakapita na mkokoteni, wakazikusanya pamoja na makopo. Doa lilikaa mpaka masika.

Na aliiba nini? Siku ya kwanza nilisikia simu. Ya pili nikasikia pochi ya mama mmoja. Wiki ilipokwisha ilikuwa kuku. Mpaka leo sijakutana na mtu aliyesema, "Mimi ndiye niliyeibiwa."

Siku kama kumi baadaye alikuja msichana wa rika lake, amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani. Akasema anatafuta mahali ndugu yake alipofia, maana walipomchukua hospitali hawakuambiwa zaidi ya jina la mtaa. Nilimpeleka. Akaniuliza, "Ni hapa?" Nikamjibu ndiyo. Alichuchumaa, akagusa lile doa kwa kiganja, akakaa hivyo kwa muda, kisha akainuka akanishukuru. Alisema, "Asante baba, wengine wote wananikimbia." Nikampa nauli. Tairi sikulitaja.

Hasira naijua, Mhariri, ndiyo maana nasema siku ile haikuwepo. Mwaka 2015 niliibiwa kompresa. Niliinunua kwa mkopo wa kikoba, laki sita na nusu, na nilikuwa bado nadaiwa nusu. Walikata kufuli usiku. Miezi miwili sikulala sawasawa. Nilikuwa nikikaa kitandani namjengea sura mtu nisiyemjua, namkunja shingo. Chakula kilikuwa kinanikaa kooni. Mke wangu alinikataza kutoka usiku kwa sababu aliogopa ningemdhuru mtu. Hiyo ni hasira kali. Ina bei, ina tarehe, inaumiza tumbo, na unakaa nayo peke yako ndani ya chandarua. Haijanifanya nicheke na mtu asiyenihusu nikisubiri petroli.

Sheria yenyewe inaitambua hiyo ya kweli. Kanuni ya Adhabu inasema mtu aliyechokozwa ghafla, akaua palepale kabla jazba haijatulia, kosa lake laweza kushushwa kutoka mauaji ya kukusudia likawa kuua bila kukusudia. Nilieleweshwa hivyo na wakili mmoja aliyepata pancha hapa, nikamsumbua kwa maswali mpaka gurudumu likawa tayari. Nikamuuliza, na ambaye hakuibiwa hata sindano, amepita tu njia, akaokota jiwe? Akasema huyo hana cha kujitetea kwa uchokozi, maana hakuchokozwa yeye, na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa. Na mwizi wa kawaida? Kifungo kisichozidi miaka saba. Akaniambia pia kwamba raia anaruhusiwa kumkamata mhalifu, ila amkabidhi polisi bila kuchelewa.

Baadaye nikanunua Katiba, kile kijitabu wanachokiuza kando ya barabara Posta. Ibara ya 14 nimeishika kwa moyo: "Kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria." Nilikuwa nikidhani hifadhi hiyo inatoka serikalini. Imeandikwa kutoka katika jamii. Maana yake, siku ile yule kijana alipotuangalia mmoja mmoja akatuita kaka na mama na baba, alikuwa anadai kitu chake kwa watu walewale wanaodaiwa.

Mtaniambia ninyi waandishi hamna kosa, mnaripoti kilichotokea. Hebu tuyatazame hayo maneno. Mnaanza na "mwizi", wakati hakuna hakimu aliyesema. Mnaendelea na "wananchi", kana kwamba Mbagala nzima ilisimama, wakati walioshika mawe hawakuzidi kumi na watano na sisi wengine tulikuwa tunatazama. Halafu "hasira kali". Hapo mnatuombea msamaha kabla hatujauomba. Hasira ni kitu kinachompata mtu, kama homa. Msomaji akiona hilo neno anaguna, anageuza ukurasa. Hakuna anayeuliza kofia ilikuwa ya nani.

Kuna wakati ni hofu inayowapanda watu, nako mnaandika neno lilelile. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, na dereva wao waliuawa na gari lao likachomwa. Walikuwa wamefuata udongo wa kupima. Ikavuma kwamba ni wanyonya damu. Uvumi wa mumiani tumeukuta kwa babu zetu. Enzi za mkoloni watu walikimbia hata gari la zimamoto wakisema linachukua damu. Siwacheki. Mtu akiona mgeni anachimba shambani kwake na kutia udongo kwenye mifuko, halafu kuna mtoto ndani ya nyumba, mwili unasisimka, na una haki ya kusisimka. Lakini kati ya kusisimka na kuwasha moto pana nafasi kubwa. Inatosha watu watano kusema tuwafunge kwenye ofisi ya kijiji mpaka wilayani waulizwe.

Kwetu Kahama hofu ya namna hiyo imemaliza vikongwe wengi kwa sababu ya macho mekundu, yanayodhaniwa kuwa dalili ya uchawi. Bibi yangu mzaa baba alikuwa nayo. Alipika maisha yake yote kwa mavi ya ng'ombe makavu ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yasiwe mekundu kwa nini? Watu walianza kunong'ona. Baba hakwenda kugombana na mtu. Alichukua shoka na panga, akatoboa ukuta wa jiko la mama yake pande mbili, akaweka fremu za miti. Kisha akawaita majirani wawili waje kumsaidia kukandika, wakiwa ndani wakaonja ule moshi kwa macho yao wenyewe. Bibi alikufa kwa uzee, kitandani kwake. Mimi huwa nakumbuka lile dirisha kila ninaposikia watu wakisema akili haiwezi kushindana na hofu.

Nije kwenye siku ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya niweze kuandika barua hii.

Mwaka 2018, mahali palepale, yowe lilelile. Safari hii kijana alikamatwa karibu kabisa na kijiwe changu, hatua kama thelathini. Alikuwa mdogo zaidi, miaka kumi na sita hivi. Duara likafungwa. Nikaona mtu anatazama kwenye rundo langu. Sijui niseme nilifanya uamuzi. Nilikwenda nikakaa juu ya matairi. Ndicho nilichoweza. Yule mtu akaja, akasema fundi nisogezee moja. Nikamwambia haliuzwi wala haliazimwi. Akanitukana, akaondoka kutafuta pengine. Magoti yalikuwa yakinigongana, nikiogopa nitageuziwa mimi. Siku ile ya kwanza nilipokuwa nimekubaliana nao hayakutetemeka.

Jirani yangu ni mama ntilie. Aliacha sufuria la maharage jikoni, akaingia katikati ya lile duara na mwiko wake mkononi, mchuzi unadondoka. Watu wakamwambia, "Mama, toka hapo utaumia." Yeye akavua khanga ya begani, akamfunika yule mtoto, akasimama juu yake. Kisha akauliza, kwa sauti ileile anayoitumia kuuliza nani hajapata chai:

"Wanangu, aliyeibiwa nani? Anyooshe mkono nimwone."

Kimya. Watu sitini, labda zaidi, na hakuna mkono.

Hakuishia hapo. Akaanza kumwonyesha mmoja mmoja kwa mwiko. "Wewe umeibiwa nini? Haya, na wewe mwenye fulana nyekundu? Wewe si unadaiwa na mimi sahani tatu, umeibiwa nini leo?" Kila aliyeonyeshwa alishusha macho. Nilikuwa juu ya matairi yangu, naona vizuri. Duara lilianza kulegea. Kila aliyeulizwa akawa mtu tena, mwenye jina, mwenye deni la sahani tatu, na mtu wa namna hiyo anaona aibu kushika jiwe mbele ya mama anayemlisha. Mmoja akaangusha tofali lake taratibu nyuma ya mguu, kama anayetua mzigo asionekane.

Mwenye mali akafika akihema. Alikuwa dereva wa bajaji, ameibiwa betri mtaa wa tatu kutoka pale. Yeye alimpiga yule mtoto kofi, kofi zito, machozi yanamtoka yeye mpigaji. Halafu akamwinamia akamuuliza, "Betri yangu umeiweka wapi?" Katika umati wote ule ni yeye peke yake aliyekuwa na hasira, na alichotaka ni betri. Ilikuwa imefichwa kwenye mtaro, chini ya kiroba. Alipoipata alikaa chini akaipakata. Mtoto akapakiwa bodaboda, katikati ya watu wawili, akapelekwa polisi.

Alikuwa mwizi kweli. Nalisema hili wazi kwa sababu barua za aina hii huwa zinamalizia kwamba yule kijana hakuwa na hatia, na msomaji anaona huruma. Huyu aliiba, na nasikia alikuja kuiba tena sehemu nyingine. Sina habari tamu kuhusu yeye. Yupo hai, ana miaka ya ishirini sasa. Mama ntilie hakuuliza kama ameiba. Aliuliza aliyeibiwa ni nani.

Najua watakaonijibu watasema nini, maana nawasikia kila siku kwenye benchi langu. Ukimpeleka polisi, kesho unamkuta mtaani anakucheka. Ukifungua kesi, unaitwa leo, inaahirishwa, unaitwa tena, unapoteza siku ya kazi na nauli, mwisho unachoka. Ni kweli. Kompresa yangu nilipewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi, karatasi ninayo mpaka leo, kompresa sijaiona. Mtu maskini akiibiwa kitu kimoja amerudishwa nyuma miaka miwili, na hakuna ofisi inayomlilia. Uchungu huo ni halali, na serikali isiufumbie macho. Lakini nikiangalia wale waliotia pesa kwenye kofia, sikumwona hata mmoja niliyemjua kuwa ana kesi iliyokwama. Mwenye kesi iliyokwama yuko kazini anatafuta nauli ya kuahirishiwa tena.

Miaka mingi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiwahesabu waliouawa hivi, na hesabu ya mwaka mmoja ni mamia. Kila mmoja katika hao alipata mistari minne gazetini, na ndani ya hiyo mistari minne, maneno yetu ya kujifichia.

Ninachoomba si kikubwa. Andikeni "watu" badala ya wananchi. Andikeni "aliyetuhumiwa kuiba" na mseme kuiba nini, cha nani, na kama mwenye mali hayupo mseme hayupo. Hasira msiitaje kama hamkuipima. Na mwandishi wenu akifika eneo la tukio, pamoja na kuhesabu majeraha, aulize petroli ilinunuliwa kituo gani, nani aliichangia, na tairi lilitoka kwa nani. Hayo yanajulikana. Palepale mtaani watu wanayajua, wanaulizana bei ya nyanya na kuyanyamazia.

Jina langu na mtaa wangu nimeviandika kwenye bahasha, naomba usivichapishe kwa ajili ya watoto wangu. Lakini mwenye mamlaka akikuuliza, mpe. Nikiitwa nitakwenda.

La mwisho ni la yule dada aliyekuja na khanga mbili, kama anasoma gazeti hili au kuna anayemjua akamsomea. Uliponiuliza kama ni hapa nilikujibu ndiyo, ukanishukuru, nikakuacha uende. Tairi lilikuwa langu. Niliombwa, nikasema chukueni.

Fundi Pancha,
Mbagala, Dar es Salaam